Mafuta Hayana Breki

Wanafunzi watatu walikuwa wamesimama kwenye kivuko pale Mlandizi, mabegi mgongoni, wakisubiri magari yawaruhusu. Tulikuwa bado mbali nao, umbali wa kama uwanja mzima wa mpira, lakini Mzee alikwisha kuinua mguu kutoka kwenye pedeli. Scania ikaanza kupoteza mwendo yenyewe, polepole, kama mtu anayekaribia nyumba yenye mgonjwa. Breki aliigusa mwishoni tu, kwa wepesi wa mama anayepima homa kwenye paji la uso la mtoto. Tukasimama. Watoto wakaanza kuvuka.

Ndipo kikaja kitu kutoka nyuma ya viti vyetu. Hakikuwa kelele. Kilikuwa kama bega la mtu mkubwa linalokuegemea kwa nyuma. Kichwa cha gari kikasukumwa mbele kidogo, kikarudi, kikasukumwa tena, kila mara kwa nguvu pungufu kuliko ya kwanza. Mzee hakuwa ameondoa mguu kwenye breki. Alikuwa akisubiri, macho kwa watoto.

“Gari limesimama,” akaniambia. “Mafuta ndiyo kwanza yanafika.”

Nyuma yetu kulikuwa na lita 33,000 za mafuta ya mawese yaliyosafishwa, yamepakiwa Kurasini, Dar es Salaam, yakiwa ya moto, yanakwenda kwa mfungashaji mmoja Mbeya. Kwa uzito ni kama tani 29. Mbele yetu kulikuwa na zaidi ya kilomita 700 za barabara: Chalinze, Morogoro, mbuga ya Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, Iringa, Makambako, kisha Mbeya. Nilikuwa nimemwomba Mzee anichukue kwa sababu nilitaka kuandika juu ya kazi yake, na nilitaka kuiandika kama watu wanavyoandika juu ya wachonga milango wa Lamu na Zanzibar, au mafundi wa majahazi. Kwetu, seremala ni fundi, mwashi ni fundi, hata anayeziba pancha ni fundi. Mtu aliyekaa nyuma ya usukani miaka thelathini tunamwita dereva, basi. Nadhani tumemnyima jina linalomstahili.

Anza na hicho kinachotembea nyuma yake. Aliyebeba mbao au saruji amebeba mzigo uliokubali kutulia. Aliyebeba kimiminika amebeba kitu chenye nia yake. Ukikata kona kushoto, mafuta yanakwenda kulia na kupanda ukuta wa tangi. Ukinyoosha usukani yanarudi, na yakirudi yanakuta wewe umeshaanza kona nyingine. Magari ya matangi hayapinduki kwa mwendo kasi peke yake. Hupinduka pia kwa mwendo wa kawaida, kwenye mizunguko ya barabara na njia za kuchepuka, kwa sababu dereva aliendesha gari akasahau kuendesha mafuta. Tangi lililojaa halina nafasi ya kucheza, na tangi tupu halina cha kuchezesha. Hatari kubwa iko katikati, pale tangi linapokuwa nusu.

Nilimuuliza Mzee nani alimfundisha haya. Alisema alisomea magari makubwa chuoni na leseni ya daraja E anayo tangu ujana, lakini mwalimu wake wa kwanza wa vimiminika alikuwa mama yake. Nilicheka kidogo, naye hakucheka, nami nikanyamaza.

“Mama alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani,” alisema. “Kabla ya kuiinua anachuma majani, anayatandaza juu ya maji. Sisi watoto tulidhani ni ya kuzuia vumbi. Siku moja nikabeba yangu bila majani. Nilifika nyumbani nimelowa, ndoo iko nusu.”

Kila aliyekulia penye kisima cha mbali anayajua majani hayo. Yanaelea, yanakatisha wimbi kabla halijakua, na maji yanafika. Ndani ya matangi mengi ya barabarani kuna kitu kinachofanya kazi hiyohiyo: kuta za chuma zenye matundu makubwa, zinazoruhusu mafuta kupita lakini si kukimbia. Ila kwenye chakula jambo hili lina bei yake. Kila ukuta ni pembe ya ziada, na kila pembe ni mahali pa kujificha mabaki yasiyofikiwa na maji ya moto wakati wa kuosha. Kwa hiyo matangi mengi ya vyakula hutengenezwa yakiwa laini ndani, na kazi ya majani inabaki kwenye mguu wa dereva. Tangi la Mzee limegawanywa vyumba vitatu vilivyofungwa kabisa kimoja na kingine, na ndani ya kila chumba hamna kitu. Akiwa na wateja wawili njiani, hakubali kuchota kidogo hapa na kidogo pale. Anamaliza chumba kizima au hakigusi. Tena huanza na cha nyuma, ili cha mbele kiendelee kukandamiza matairi ya kuvuta, kwa sababu mbele kuna milima na kichwa chepesi hakipandi kwenye utelezi.

Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na hapo ndipo nilipouona utulivu wake vizuri zaidi. Mabasi yalitupita. Malori ya makontena yalitupita. Mzee aliendesha kama mtu aliyekwisha kuwaona pundamilia ambao bado hawajatoka kwenye majani. Anasema mwenye mzigo mkavu anaweza kujiruhusu kushtuka, yeye hawezi. Kushtuka ni kukanyaga breki, na kukanyaga breki ni kuziita tani 29 zije mbele kwa pamoja. Kwa hiyo anaishi mbele ya gari lake, mita 200 au 300 mbele, na hapo alipo, gari na mimi tunafika baadaye.

Msamvu, Morogoro, tulikuwa tumepita asubuhi. Pale alipunguza mwendo kuliko palivyohitaji, na hakusema neno mpaka tulipotoka mjini. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta ya petroli lilipinduka eneo hilo, watu wakaenda na madumu kuchota, likalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mafuta ya kula hayalipuki hivyo. Lakini tangi likilala chini watu watakuja na ndoo vilevile, na ndoo zikija barabarani penye magari, kuna atakayegongwa. Mzee anapozungumzia kupinduka haanzi na gari wala mzigo. Anaanza na watoto wenye vibakuli.

Kitonga tulifika alasiri. Kuna madereva wanaopanda mlima huu kwa kubadili gia kila kona, wakitafuta nguvu. Mzee alichagua gia moja chini kabisa, kabla ya mwinuko, akaisikiliza injini kidogo, na hakuigusa tena mpaka juu. Kila unapobadili gia, gari linapumzika kwa nusu sekunde, kisha linavuta upya. Katika pumziko hilo mafuta yaliyokuwa yamerundikana nyuma ya kila chumba hukimbilia mbele, na unapovuta yanarudi nyuma kwa kishindo, mahali ambapo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni korongo. Gia moja ina maana ya kupanda polepole sana. Nyuma yetu ulijipanga msururu, wengine wakapiga honi. Alivumilia honi zao kama anavyovumilia jua. Tulipofika juu alitafuta penye nafasi, akakaa pembeni, akawaacha wapite wote, akiwapungia mkono mmoja mmoja.

Kwenye mizani nako kuna ustadi ambao sikuwahi kuufikiria. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inahesabu ekseli kwa ekseli: tani 8 kwa ile ya usukani, 18 kwa mbili za kuvuta, 24 kwa tatu za trela. Mzigo mkavu unasomeka kama ulivyo. Mafuta yanayocheza hupeleka tani moja mbele na kuirudisha nyuma, na namba kwenye kioo zinapanda na kushuka. Mzee aliingia pale kwa mwendo wa mtu anayetembea, akasimama bila kutikisika, akasubiri mpaka mafuta yalale, ndipo akampa ishara mpimaji. Utingo wake, kijana mwenye bidii ambaye bado anajifunza, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wengine hutozwa faini kwa haraka yao wenyewe.

Sasa nije kwenye joto, kwa sababu hapo kazi hii inakuwa na undani ambao dereva wa shehena nyingine haujui.

Mafuta ya alizeti yanabaki kimiminika hata kwenye baridi kali. Mawese hayako hivyo. Yakishuka chini ya nyuzi thelathini na kitu yanaanza kuwa mazito, yanakuwa meupe, yanaganda. Kila mama wa Njombe au Makete anayajua: Julai asubuhi unachokoa mafuta kwenye kopo kwa kijiko. Chukua hilo kopo, lifanye liwe lita 33,000. Ndiyo maana hupakiwa yakiwa karibu nyuzi 55, tangi limefunikwa koti la kuhifadhi joto, na chini yake limepita bomba la mvuke ambalo kiwanda kitakachopokea hulichomekea mvuke wake. Kati ya kiwanda na kiwanda hamna mvuke. Kuna barabara, usiku, na baridi ya Makambako.

Mafuta yakiganda ndani ya tangi, huwezi kuyachemsha tu upate yako. Yale yanayogusana na bomba yataungua wakati ya katikati bado ni jiwe. Mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kuhusu uhifadhi na usafirishaji wa mafuta ya kula, uliotoka 1987 na kurekebishwa baadaye, unataka joto lisipandishwe zaidi ya nyuzi 5 kwa saa 24. Hesabu mwenyewe ni siku ngapi gari litasimama getini. Kwa hiyo Mzee ana amri mbili zinazopingana kichwani mwake safari nzima. Mguu unamwambia asiharakishe. Joto linamwambia asichelewe. Haendi kasi ili awahi, anapunguza vituo. Chai yake iko kwenye chupa, chakula kinanunuliwa na utingo gari likijaza mafuta yake ya dizeli, na mahali pa kulala pamepangwa tangu Dar es Salaam.

Joto hilohilo lilimtia aibu ujanani, na kisa hiki alinisimulia mara mbili. Mafuta hutanuka yakipata moto. Lita 33,000 zilizopimwa zikiwa nyuzi 55 zikija kupimwa zikiwa nyuzi 30 zitakuwa zimepungua zaidi ya lita 600, sawa na madumu 30 ya lita 20. Hakuna aliyeyanyonya. Yamejikunja tu. Safari yake ya tatu au ya nne, mpokeaji alipima kwa kijiti, akaona pengo, akaita askari. Mwenye gari wa wakati huo hakumtetea. Alikatwa mshahara miezi kadhaa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba utingo wake wa siku zile alianza kumtazama kwa mashaka. Tangu hapo hapokei wala hakabidhi kwa lita. Anakwenda na karatasi ya mizani, kwa sababu kilo haijui moto wala baridi, na joto la kupakia analiandika kwa mkono wake kwenye daftari mbele ya mashahidi. Daftari hilo ndilo jambo la pili nililolipenda kwake baada ya mguu wake.

Kurasa zake zina mistari michache kwa kila safari. Tarehe, joto, uzito, namba za sili za kila mfuniko na kila valvu. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, shehena tatu zilizotangulia ndani ya tangi hilo. Biashara ya mafuta ya kula duniani ina orodha za vitu ambavyo tangi likivibeba haliruhusiwi kubeba chakula safari inayofuata, na orodha za vile vinavyokubalika. Mzee hajaziona orodha zote hizo, ila anaijua sababu yake kuliko wengi. Mafuta ni mpokeaji mwema kupita kiasi. Hayabagui. Yanachukua harufu, rangi na sumu ya chochote kilicholala pale kabla yake, na jikoni hakuna ulimi utakaogundua.

Morocco mwaka 1959, mafuta ya kulainishia injini za ndege, mabaki ya kambi ya kijeshi, yalichanganywa na mafuta ya kula yakauzwa hasa Meknès. Watu wapatao 10,000 walipooza. Ule ulikuwa ulaghai wa wafanyabiashara, si kosa la tangi. Lakini Julai 2024 gazeti moja la Beijing lilifuatilia magari ya matangi nchini China, likaonyesha yanashusha mafuta yatokanayo na makaa ya mawe, kisha yanakwenda kupakia mafuta ya kula bila kuoshwa katikati. Nchi nzima ilishtuka. Nilipomsimulia Mzee, alizima redio. Akauliza kama madereva walikuwa wanajua. Nikamwambia baadhi yao walijua. Akakaa kimya mpaka tukavuka daraja la mto uliofuata, halafu akasema kwamba yeye aliwahi kukataa.

Mwenye gari mwingine, si yule wa kwanza, alimtaka arudi kutoka mpakani na shehena ya mafuta ya mitambo badala ya kurudi mtupu. Kurudi mtupu ni hasara ya wazi, kila mmiliki analia nayo, na sisemi kilio hicho ni cha uongo. Mzee alikataa, akarudi mtupu, akarudisha funguo. Alikaa nyumbani miezi mitano. Mke wake aliuza vitumbua. Hakunisimulia haya kama sifa. Alinisimulia kwa sababu niliuliza kwa nini daftari lina pengo la miezi mitano.

Kuosha kwenyewe niliona Kurasini kabla hatujaondoka. Maji ya moto, sabuni ya kuyeyusha mafuta, maji ya moto tena, kisha hewa mpaka pakauke, maana tone la maji ni adui wa mafuta kama uchafu wenyewe, huyachachusha. Mabomba ya kuunganishia anakagua kwa jicho na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye funguo zake. Sumaku haitofautishi shaba na chuma cha pua, ila inamwonyesha haraka palipowekwa kiungo cha chuma cha kawaida, kitakachooza kwa kutu. Shaba anaijua kwa rangi, na hairuhusu kabisa: shaba ikigusana na mafuta huyaharakisha kuharibika, hata ikiwa kiungo kimoja kidogo. Mwisho kabisa alipanda juu, akafungua mfuniko, akainama, akavuta pumzi mara moja kwa pua. Mara moja tu, kutoka nje. Kuingia ndani ya tangi bila kulipima hewa kumewaua watu, na utingo wake ameapishwa kwamba hata akidondosha simu humo, simu imekwenda.

“Pua yangu ndiyo ya kwanza kula haya mafuta,” alisema akifunga mfuniko.

Nilimjua Mzee kabla ya safari hii, Singida, msimu wa alizeti. Wakati huo alikuwa kwenye kazi ya kukusanya, ambayo ni kinyume cha kupeleka na kwa maoni yangu ni ngumu zaidi. Mafuta ya mawese yanatoka kiwanda kimoja, yana vipimo vyake. Alizeti ya Singida inatoka kwa mashine ndogondogo za kukamulia, kila moja na mwenyewe, mbegu zake, kitambaa chake cha kuchujia na haraka zake. Mwingine anakamua mbegu ya Record, mwingine mbegu chotara. Mwingine anaacha mafuta yatulie siku tatu mpaka mashapo yakae chini, mwingine anayaleta yakiwa bado ya moto. Mkusanyaji anamimina yote kwenye tangi moja. Dumu moja lililochacha linaharibu maelfu ya lita za watu wengine, nao hawatajua ni nani aliyewaharibia.

Kwa hiyo alionja kila pipa. Aliteka mafuta kwa chupa nyeupe ya kioo kutoka chini ya pipa, si juu, maana uchafu na maji hukaa chini. Akaiinua kwenye jua. Akainusa. Akadondosha matone kwenye kijiko, akakipitisha juu ya moto wa jiko la mkaa: mafuta yenye maji hupasuka na kurukaruka, yaliyo safi hutulia na kutoa moshi taratibu. Mwisho kidogo ulimini, akasubiri koo limjibu. Mafuta mabichi mazuri ya alizeti yana harufu ya mbegu iliyokaangwa. Yaliyozeeka yanakereketa.

Palikuwa na mama mmoja mwenye mashine nje kidogo ya mji, mapipa manne, na la nne lilikuwa limeharibika. Lilikaa juani. (Hili linaniuma kila nipitapo njia ile: madumu ya mafuta mazuri yamepangwa kando ya lami tangu asubuhi hadi jioni ili wasafiri wayaone, huku jua na mwanga vinayala taratibu ndani ya plastiki. Kivuli cha turubai moja kingewasaidia wauzaji na wanunuzi pia.) Mzee alimsalimu mama yule shikamoo, ingawa sidhani walipishana umri sana. Alinunua mapipa matatu, akalipa papo hapo. La nne hakulisema mbele ya watu. Alimwomba maji ya kunywa, wakaenda wawili upande wa nyuma, wakakaa huko kwa muda. Waliporudi mama alikuwa amekwisha kuikubali hasara ya pipa lile. Akamwambia kijana wake alivute kivulini, litafaa kutengenezea sabuni. Msimu uliofuata, nasikia, mapipa yake yote yalikuwa chini ya paa.

Mapipa yenyewe, kila moja la lita 200, yana uzito wa karibu kilo 200 yakijaa. Utingo alitaka kuyasukuma kwa nguvu za kifua. Mzee alimsogeza pembeni, akaliinamisha pipa kidogo mpaka likasimama kwenye ukingo wake tu, akalizungusha kwa vidole vya mikono miwili, likatembea uwanjani kama sarafu inayozunguka, polepole, bila kumwaga tone, hadi penye pampu. Mpira wa kupakia aliushusha mpaka ukagusa sakafu ya tangi. Ukimimina kutoka juu mafuta yanaruka na kumeza hewa, na hewa ni njia nyingine ya kuyaharibu. Alipomaliza ilikuwa magharibi na tangi lilikuwa na mashine kumi na moja ndani yake. Njia nzima ya kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa kati ya Manyoni na Bahi aliendesha kama mtu aliyebeba vitu vya watu.

Mwaka 2022 Indonesia iliposimamisha kuuza mawese nje, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi karibu mwisho wa Mei, na vita vya Ukraine vikawa vimekwisha kukata alizeti ya kule, bei iliruka hata kwenye maduka ya uswahilini yanayouza mafuta ya kupima. Kipimo cha mia mbili kikawa kijiko. Miezi ile, Mzee anasema, kila alipofika watu walitoka nje kulitazama gari. Mafuta mengi tunayokula nchini tunayaagiza kutoka nje, na kwa sehemu kubwa ya njia, kila tone lake linategemea mikono ya watu kama yeye.

Mbeya tuliingia asubuhi ya pili, baridi ikiwa imeshika madirisha. Mafuta yalikuwa nyuzi 41. Akaandika. Mvuke ukachomekwa, sili zikakatwa mbele ya mpokeaji, namba zikasomwa kwa sauti. Kabla ya kufungua valvu aliuomba uongozi wa kiwanda ruhusa ya kusogeza gari mita tatu, pale sakafu ilipoinuka, ili pua ya gari iwe juu na mkia chini. Pampu ikavuta kwa saa nyingi. Ilipoanza kukohoa hewa, kijana wa pampu akaizima na kuanza kukunja mpira.

“Bado,” Mzee akasema.

Akaweka ndoo safi chini ya valvu, akavuta kigoda, akakaa. Mafuta mazito hushuka kutoka kwenye kuta za tangi kwa wakati wao, kwanza kama uzi, halafu matone. Utingo akamletea chai. Mimi nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Baada ya nusu saa ndoo ilikuwa imejaa, akaikabidhi ikapimwa, akaweka nyingine. Ndoo ya pili haikufika nusu. Tone lilipoanza kuchukua muda wa kuhesabu hadi kumi, alikinga kidole, akalipokea, akalinusa, akalipaka kwenye mgongo wa mkono wake uliokauka kwa baridi. Kisha akainuka kufunga valvu.